Magoti mawili ya nyumba moja: langu lilitulia kwa mazoezi, la kijana wetu lilihitaji upasuaji

Mwaka jana katika ukoo wetu yalichanika magoti mawili. La kwanza ni langu mimi, mama wa miaka 49 ninayeuza vitenge kwenye akedi moja, jengo la maduka, pale Kikuubo, Kampala. La pili ni la mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 21 anayecheza mpira huko kwetu Bombo. Kilichochanika ni kitu kilekile, meniskasi, yaani gegedo laini lililo kati ya mifupa ya goti, na ripoti zetu zote mbili ziliandikwa hivyo. Mimi sikupasuliwa. Yeye ilibidi apasuliwe, tena haraka. Tangu hapo napigiwa simu na watu ambao hata sijawahi kuwaona, na wote wana swali moja: upasuaji au mazoezi? Naandika kwa sababu swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kujua goti lenyewe linafanya nini, na wengi wanalipa mamilioni kabla ya mtu yeyote kuwauliza.

Langu lilianzia kwenye ngazi. Duka liko ghorofa ya tatu, na jengo letu halina lifti. Nilikuwa nashuka na robota la vitenge begani, mteja akaniita kwa nyuma, nikageuka. Mwili uligeuka, mguu wa kulia ukabaki palepale ulipokanyaga. Kitu kililia ndani ya goti, upande wa ndani, tak. Maumivu yalikuwa ya kuvumilika. Nilifunga duka jioni kama kawaida, nikapanda teksi mpaka Kawempe, nikapika. Asubuhi nilipotaka kushuka kitandani goti lilikuwa limejaa, vile vibonyeo vya pembeni mwa kilegesambwa havionekani tena, na nikilikunja linabana.

Huko kuchelewa kwa uvimbe kuna maana kubwa. Goti likivimba ndani ya saa moja au mbili, mara nyingi ni damu, na madaktari wanashuku kano kubwa ya katikati imekatika au mfupa umepasuka. Uvimbe unaokuja polepole hadi kesho yake ni tabia ya meniskasi. Kwa hiyo ukiumia, kumbuka saa uliyoumia na saa ulipoanza kuvimba, maana utaulizwa.

Wiki za mwanzo zilipita kwenye duka la dawa. Sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, vidonge vya diklofenaki, jeli ya kupaka. Goti lilipoa kidogo, tumbo likaanza kuwaka. Dawa za jamii hiyo zikinywewa mfululizo zinachubua tumbo, na kwa mwenye presha au figo dhaifu zina hatari zaidi, lakini pale kaunta hakuna aliyeniuliza kama nina presha. Kliniki ya jirani ilinipiga eksirei na kuniambia, "Mama, mfupa ni mzima, nenda nyumbani." Mfupa ulikuwa mzima kweli. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi gegedo laini lililo katikati yake. Kuambiwa picha ni safi si kuambiwa goti ni zima.

Nikaenda Bombo kupumzika kwa mama. Huko, kama ilivyo desturi, akaletwa mzee wa kuchua mifupa. Alikuwa mtu mpole na alikuja kwa nia njema. Alipaka mafuta ya moto, akachua paja, na hapo nilisikia raha. Halafu akashika kifundo cha mguu, akavuta na kuzungusha ili "kurudisha mshipa". Usiku ule sikulala. Kuchuliwa paja na kigimbi hakuna ubaya, hata wataalamu wa hospitali wanafanya. Goti lililovimba kuvutwa na kuzungushwa ndilo jambo la kukataa, na unaweza kulikataa kwa adabu: mwambie mzee achue juu na chini, pale katikati apaache.

Kilichonipeleka kwa daktari wa mifupa ni ngazi za akedi. Kupanda nilikuwa naweza. Kushuka ndiko kulikonitoa machozi.

Daktari wa kwanza, katika hospitali ya binafsi ambayo sitaitaja, aliniagiza MRI, picha inayoonyesha pia sehemu laini za goti. Nilipiga simu sehemu kadhaa kabla ya kwenda, na bei zilipishana sana kwa kipimo kilekile. Mimi nililipa shilingi 750,000 za Uganda. Wanawake wenzangu mnaovaa hijabu, toeni pini zote nyumbani kabisa, kwa sababu ile mashine ni sumaku yenye nguvu na utasimamishwa mlangoni uvuliwe mbele za watu. Ndani kuna makelele ya kugonga kwa karibu nusu saa na hutakiwi kutikisika. Kwa kipimo cha goti unaingia miguu kwanza, kichwa kinabaki nje au karibu na mdomo wa mashine, hivyo hofu yake ni ndogo kuliko wanavyosimulia watu.

Ripoti ikatoka: mchaniko wa pembe ya nyuma ya meniskasi ya ndani, daraja la 3. Hilo "daraja la 3" lilinimaliza. Sisi tumezoea kusikia madaraja kwenye saratani, kwa hiyo nilidhani niko ukingoni. Nililia ndani ya teksi mpaka abiria wa jirani akanipa kitambaa. Hakuna aliyenieleza kwamba kwenye meniskasi madaraja hayapimi hatari. Daraja la 1 na la 2 ni alama zilizo ndani ya gegedo bila kufika nje. La 3 maana yake ni kwamba mstari umefika kwenye uso wake, yaani ni mchaniko kweli. Basi. Mchaniko mdogo kabisa wa kweli nao ni daraja la 3.

Daktari yule aliisoma ripoti, hakuligusa goti, akaniandikia makadirio ya upasuaji: milioni 8 na nusu, malipo ya awali nusu yake ndani ya wiki hiyo. Uganda hatuna bima ya afya ya taifa. Hela kama hiyo inatoka kwenye mtaji wa duka, au kwenye kiwanja, au kwa mkopo wa kikundi. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja chetu cha Matugga.

Rafiki wa dukani ndiye aliyenielekeza kwa daktari mwingine, mzee aliyewahi kutibu jeshini, ambako hapa Uganda husemwa Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili chake kimenyooka. Nililipa 80,000 kumwona, na sijawahi kutumia 80,000 vizuri kuliko hizo. Ripoti aliiweka pembeni bila kuifungua. Kwanza aliniambia nilale chali, akaniuliza kama goti linanyooka lote mpaka nyuma yake iguse kitanda. Liligusa. Akaniuliza kama limewahi kukwama kabisa, yaani likunjwe halafu likatae kunyooka mpaka nilishike na kulitikisa. Halijawahi. Akauliza kama linanitoka, nikitembea lilegee ghafla nianguke. Hapana. Ndipo akaweka kidole gumba kwenye mstari ule ambapo mfupa wa paja unakutana na wa muundi, upande wa ndani, akabonyeza. Niliruka. Akalikunja goti lote, akashika kisigino, akazungusha unyayo nje huku akilinyoosha taratibu, na mimi nikasikia ule mlio. "Ni meniskasi, mama," akasema. "Sasa nipe hiyo karatasi."

Alinichorea. Kila goti lina meniskasi mbili, ya ndani na ya nje, zenye umbo la hilali, kazi yake ni kugawa uzito kati ya mifupa miwili. Ukingo wa nje wa kila meniskasi unapata damu, kwa hiyo unaweza kuungana ukishonwa. Sehemu ya ndani haipati damu, na ikichanika haishoneki vizuri. Upasuaji wake kwa kawaida ni kukata na kutoa kipande. Kwa mtu aliyevuka 40 gegedo limeshaanza kukauka na kuchakaa, linachanika kwa jambo dogo kama kugeuka kwenye ngazi.

Halafu akanisimulia utafiti ambao mpaka leo nausimulia kwa wengine. Finland walichukua wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65 wenye mchaniko wa kuchakaa kama wangu. Wote waliingizwa kamera gotini. Baada ya hapo nusu walikatwa kipande kilichochanika, na nusu nyingine waliigiziwa tu: vyombo vikagongwa, goti likakunjwa na kunyooshwa, muda ukapita, wakashonwa. Mgonjwa hakujua yuko kundi gani. Baada ya mwaka mmoja, maumivu ya makundi haya mawili hayakutofautiana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mwaka huohuo Wamarekani walitoa utafiti wa watu 351 waliovuka miaka 45, wakilinganisha upasuaji ukifuatwa na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, dhidi ya fiziotherapia peke yake, na baada ya miezi 6 hali zilikuwa karibu sawa. Lakini hakunificha upande wa pili: katika lile kundi la mazoezi, asilimia 30 waliishia kupasuliwa ndani ya miezi hiyo 6. "Kwa hiyo sikuahidi," akasema. "Nakuambia tuanze na kisichokata. Ukishindwa, kisu kipo, na kwa goti lako kusubiri hakuharibu kitu."

Nikamuuliza, mbona picha inaonyesha kimechanika? Akanijibu kwa takwimu nyingine, kutoka mji wa Framingham, Marekani, ambako walipiga MRI magoti ya watu wa kawaida 991 wenye miaka 50 hadi 90. Kati ya waliokutwa na meniskasi iliyochanika au kuharibika, asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala kukakamaa mwezi uliopita. Wanatembea nayo na hawajui. Nilitoka pale nikampigia mume wangu aache habari ya kiwanja.

Fiziotherapia si kuchuliwa. Nasema hivi kwa sababu watu wengi nilioongea nao walikwenda mara mbili tatu, wakawekewa taa ya joto na mashine ya kutetemesha, wakalipa, wakaona haisaidii. Ikiwa mtaalamu wako anakuwekea taa tu na hakupi kazi ya kufanya nyumbani, tafuta mwingine. Wangu alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini na msimamo wa chuma. Siku ya kwanza aliomba utepe wa kupimia. Nilikuwa nao kwenye mkoba, ule wa kupimia vitambaa. Akapima sentimita 10 juu ya kilegesambwa, miguu yote miwili. Paja la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimita 3. Nilishangaa, maana kwa macho sikuona. Alinieleza kwamba goti likiuma na kuvimba, msuli wa mbele wa paja unazimika wenyewe, na msuli ukizimika uzito wote unalielemea goti. Kazi yetu ni kuuamsha.

Tulianza na mambo ya kitoto. Taulo iliyokunjwa chini ya goti, nabonyeza taulo kwa nyuma ya goti, nahesabu mpaka 10, naachia. Kuinua mguu ulionyooka nikiwa nimelala. Kuteleza kisigino juu ya mkeka kuelekea makalio na kurudi. Barafu dakika 15, imefungwa kwenye kitambaa, baada ya mazoezi. Mimi nilitumia mfuko wa maharage mabichi kutoka friza ya jirani. Wiki zilivyosonga tukaingia kuinua makalio nikiwa chali, kuchuchumaa nusu nimeegemea ukuta, kupanda na kushuka kigoda, kusimama kwa mguu mmoja huku napiga mswaki. Ile mipira ya kuvuta inayouzwa madukani ni ghali. Fundi wa baiskeli alinikatia mpira wa ndani wa gurudumu kwa 2,000 na ulifanya kazi ileile. Kila kikao kilikuwa 50,000. Mwanzoni kila wiki, baadaye kila baada ya wiki mbili, lakini kazi kubwa ilikuwa nyumbani, na ilichukua miezi mitatu kabla sijashuka ngazi za akedi bila kushika ukuta. Hospitali za rufaa za serikali nazo zina vitengo vya fiziotherapia, gharama ni ndogo sana, shida ni foleni.

Kanuni iliyonisaidia kuliko zote ni ya maumivu. Nilitarajia mazoezi yasiume, na yalipouma nilitaka kuacha. Binti akaniambia niyape maumivu alama, 0 hadi 10. Yakiwa chini ya 5 wakati wa zoezi, na kesho asubuhi yakawa yamerudi yalipokuwa bila goti kuvimba, endelea. Yakizidi, punguza, usiache. Bila kanuni hiyo ningekata tamaa mwezi wa kwanza, kwa sababu mwezi wa kwanza hakuna unachokiona.

Kilichoniuma moyoni kilikuwa kupiga magoti. Kwa wakwe zangu Butambala, mke hamwamkii mama mkwe akiwa amesimama. Nilipokwenda kwenye nikahi ya shemeji yangu nilisimama mbele ya mama mkwe nimeshika mlango, na mashangazi wakatazamana. Mume wangu alikuwa amepiga simu siku moja kabla kueleza, na mama mwenyewe akasema kwa sauti wasikie, "Mwacheni mwanangu, goti lake limepasuka." Nawaomba akina mama wenzangu: tumeni mtu aseme kabla hamjafika. Msipige magoti kwa aibu. Kupiga goti na kulikunja mpaka mwisho ndiko kunakobana pembe ya nyuma ya meniskasi, hasa miezi ya mwanzo. Swala niliswali kwenye kiti, na imamu wa mtaa wetu alinitoa wasiwasi kwamba mgonjwa ana ruhusa. Kwenye choo cha shimo, seremala alikata tundu kwenye kiti cha mbao, 35,000, na kiti hicho kimeshazunguka nyumba tatu za jirani.

Sasa kijana. Alipigiwa pasi, akatua kwa mguu mmoja, akageuka, akaanguka. Walipombeba goti lilikuwa limekunjwa na halinyooki. Alinipigia simu mwenyewe: "Shangazi, limekataa." Wenzake walitaka mmoja amkalie pajani na mwingine avute. Nilipiga kelele kwenye simu wasimguse. Asubuhi yake tulikuwa kwa daktari wangu yuleyule, naye safari hii hakusema habari ya kusubiri. MRI ilionyesha mchaniko mrefu wa ule wanaouita mpini wa ndoo: ukingo wa gegedo umebanduka na kupinduka katikati ya goti, umekaa pale kama kabari ya mlango. Mazoezi hayawezi kuurudisha, na kila siku kijana anapochechemea nao unazidi kusagika. Tena mchaniko wenyewe ulikuwa kwenye ukingo wenye damu, na umri wake ni mdogo, hivyo ulikuwa wa kushona na si wa kukata. Zamani meniskasi iliyochanika ilikuwa ikitolewa yote. Tangu mwaka 1948, Mwingereza Fairbank alipoonyesha kwa eksirei jinsi magoti ya namna hiyo yanavyobadilika, madaktari wamezidi kujua kwamba ukiondoa gegedo unaharakisha kusagika kwa mifupa. Kijana wa miaka 21 anahitaji kila kipande chake.

Wodi za mifupa za serikali zimejaa majeruhi wa bodaboda, na goti la mpira haliwezi kumpita mtu aliyevunjika mapaja mawili. Tukachangishana. Kundi la ukoo la WhatsApp lilifanya kazi usiku na mchana, kaka akauza ng'ombe wawili. Jambo la kuuliza kabla hujalipa: je, bei hii ina nyuzi na vishikizo vya kushonea ndani yake? Hivyo vinaagizwa nje, na hospitali moja ilitupa bei nzuri kumbe havimo. Uliza pia kuhusu daktari wa ganzi, kitanda, magongo, banzi la kushikilia goti, na fiziotherapia ya baadaye. Sisi yote kwa pamoja yalifika milioni 11.

Kushonwa kunataka subira kuliko kukatwa. Aliyekatwa kipande hutembea mapema, wengi hurudi kwenye shughuli ndani ya wiki chache. Kijana wetu alikaa na magongo wiki 6, marufuku kukunja goti zaidi ya pembe mraba. Magongo yarekebishwe yabaki vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito uende kwenye viganja. Ukining'inia kwa kwapa mikono itakufa ganzi. Tuliambiwa tumrudishe mara moja akipata homa, kidonda kikitoa majimaji, kigimbi kikivimba na kuuma, au akikosa pumzi. Kigimbi na pumzi ni dalili za damu kuganda, na hazisubiri kesho.

Kwa sasa amefika mwezi wa tano tangu apasuliwe. Anakimbia mbele moja kwa moja, kugeuka ghafla bado. Binti wa fiziotherapia, yuleyule wangu, anamrukisha kwa mguu mmoja na kupima umbali, na hatamruhusu kurudi uwanjani mpaka mguu ulioshonwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Wiki iliyopita alifika 82, akakasirika, akataka kujua kama anaweza kucheza dakika chache tu Jumamosi. Akaambiwa hapana, na mimi nilikuwepo, nikaunga mkono.

Mimi napiga magoti sasa, juu ya mto, dakika chache. Tahiyatu bado nakaa kwa kunyoosha mguu wa kulia pembeni. Kigoda kipo dukani nyuma ya marobota, napanda na kushuka asubuhi kabla wateja hawajajaa. Ukipewa makadirio ya upasuaji, omba nakala ya picha zako kwenye diski pamoja na ripoti, ni mali yako uliyoilipia, na umpelekee daktari wa pili atakayekulaza kitandani na kulishika goti kwa mikono yake.